Sauti Ikikatika

Kazi yangu ni kunyamazisha watu. Mimi ni daktari wa nusukaputi katika hospitali moja ya Parklands, na mgonjwa akishasinzia mbele yangu, hana habari nami tena. Daktari wa upasuaji huletewa kuku na kadi za shukrani. Mimi sijawahi kuletewa hata ndizi. Sisemi haya kwa wivu. Basi, kwa wivu kidogo.

Mama mmoja wa Ukambani alilazwa kwetu ili atolewe tezi ya shingo iliyokuwa imevimba hadi ikambana koo. Kanisani kwao yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, na alikuwa ameambiwa wazi kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita nyuma ya tezi hiyo. Ukiguswa vibaya, huenda asiimbe tena. Mwenzangu ndiye aliyemkagua wodini. Mimi nilikutana naye asubuhi, ameketi kwenye meza ya upasuaji, mikono mapajani kama mtu anayesubiri ibada ianze.

Nilimpa kwanza dawa kidogo ya kumtuliza. Hailazi mtu usingizi, ila humwondolea hofu na kumfutia kumbukumbu. Kisha nikamwambia afungue kinywa nimpulizie ganzi kooni. Alitii, akakohoa, akanitazama juu ya barakoa yangu.

“Daktari, umekula?”

“Nimekula, mama.”

“Umekula na nani?”

Nilikuwa nimekunywa chai ya rangi nimesimama kando ya sinki, huko Muthangari ninakoishi peke yangu. Nilimjibu kwamba hapa mwenye kuulizwa maswali ni yeye. Sikuwa mpole. Tangu mama yangu afariki hakuna aliyeniuliza kama nimekula, na mtu akikutonesha kidonda hukumbuki adabu.

Kwa shingo kama ile, huwezi kumlaza mtu usingizi kwanza ndipo uanze kutafuta njia ya hewa. Misuli ikilegea, tezi hulikandamiza koo na pumzi haipiti. Kwa hiyo mpira wa kupumulia hupitishwa mgonjwa akiwa macho.

“Na hiyo mpira itapita wapi?” aliuliza, ulimi mzito kwa ganzi.

“Kwa pua, mama. Wewe imba tu. Usiache kuimba.”

Hiyo ndiyo desturi yangu. Wenzangu huwaambia wagonjwa wa namna hii wahesabu, mimi huwaambia waimbe. Mpira ukishapita katikati ya nyuzi za sauti, sauti hukatika papo hapo, hata mtu ajitahidi vipi, na hapo najua nimefika. Sauti ikiendelea, nimepotea njia.

Akaimba kwa Kikamba, wimbo nisioujua. Nilipenyeza kamera nyembamba polepole hadi nikaziona nyuzi zake kwenye skrini, mbili, nyeupe, zikitetemeka. Alikohoa, akashika mkono wa muuguzi, akaanza tena palepale alipoachia. Nami nikasita. Nimefanya kazi hii miaka na mikaka, sisiti. Lakini niliwaza kwamba huenda sisi ndio watu wa mwisho kuusikia wimbo huo kinywani mwake, na mimi hata maneno yake siyaelewi.

“Daktari, uko sawa?” muuguzi akauliza.

Nikasukuma. Sauti ikakatika. Muuguzi alishusha pumzi, daktari wa upasuaji akaenda kunawa mikono, kila mtu akafurahi. Mimi nilijisikia mpweke kwelikweli, nikimdunga dawa ya usingizi huku ananitazama bila neno, mpaka macho yakafumbika.

Upasuaji ulipokwisha nilimwamsha, nikauvuta mpira taratibu.

“Mama, sema kitu.”

Alimeza mate. Midomo ikacheza, hakikutoka kitu. Daktari wa upasuaji, Mhindu ambaye kila asubuhi hupitia hekaluni kabla ya kuja kazini, alikuwa amevua glavu moja akasahau ya pili.

“Mama,” nikasema tena.

“Bwana asifiwe,” akasema, akikwaruza kama jogoo anayejifunza kuwika.

“Amen!” tukajibu sote, na Mhindu wetu kwa sauti kuliko wote.

Kwa kawaida kazi yangu huishia hapo. Lakini kesho yake alasiri nilijisingizia nina shughuli wodini, nikaenda. Kitanda chake kilikuwa kimezungukwa na mabinti na watu wa kanisani, na juu ya kabati kulikuwa na hotipoti na chupa ya chai. Yeye, bandeji shingoni, alikuwa akiwaanzishia wimbo kwa sauti ya chini, na binti mmoja akimkanya apumzike. Nilisimama penye pazia nikasikiliza. Ulikuwa wimbo uleule.

Aliponiona akanyamaza, akanitazama kwa upole, jinsi mtu anavyomtazama mgeni.

“Karibu. Wewe ni nani, mwanangu?”

Dawa ile ya kutuliza ilikuwa imefanya kazi yake. Nilijua ingekuwa hivyo, maana ni mimi niliyempa, na bado iliniuma. Hakungoja nijitambulishe.

“Umekula?”

“Bado, mama,” nikasema.

Binti yake akafungua hotipoti, na wale watu wa kanisani wakasogea kidogo, nikakaa.