Ndara Mapajani

Mama anayetufulia nguo hapa mtaani Waberi huja darasa letu la tafsiri ya Kurani kila alasiri na kuketi mlangoni, ndara zake mapajani, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Mikono iliyopasuka kwa sabuni huificha ndani ya jilbabu, ila akijisahau vidole hukama hewa. Ukame ulimmalizia ngamia wote aliokuwa akiwakama. Juzi Ustadha Filsan alitusomea subira ya Nabii Ayubu. Mama yule akajifunika uso.

“Ustadha, mimi sikusubiri. Ngamia wa mwisho alipoanguka, nilimpigia Mungu kelele mpaka sauti ikanikauka.”

“Ayubu naye alimlilia, mama. Wewe kelele zako ulimpigia nani? Si Yeye huyo huyo?”

Mama akainuka. Akatoka nje, nikadhani ameondoka. Akarudi bila ndara, ameziacha nje pamoja na zetu, akaketi katikati yetu, uso bado ameuinamisha.