Boksi la Dada Marivic: nilivyojifunza kuweka lengo la kipato ninaloliweza

Wakuu, habari za wikiendi.

Naandika nikiwa kwenye basi natoka kazini, hapa Toronto, kwa hiyo mtanivumilia nikichapia. Anayetafuta chai, yaani hadithi za kutunga, ahamie uzi wa jirani. Humu nimeleta aibu yangu ikiwa nzima.

Mimi ni Mtanzania, nakaa Scarborough, naganga njaa kwenye ghala moja kule Downsview. Mwaka jana nikaanza kutafsiri nyaraka mtandaoni baada ya kazi, Kiingereza kwenda Kiswahili. Freelancer, kama wanavyojiita.

Mwezi wa tatu nikaokota zali. Kampuni moja ilinipa mwongozo mzima wa mashine za hospitali, nikalipwa dola elfu nne.

Nilichofanya hapo bado kinaniuma. Nilichukua elfu nne nikazidisha mara kumi na mbili. Nikaona ghala la nini tena? Nikaandika barua ya kuacha kazi, ikakaa kwenye simu inasubiri kutumwa tu.

Na kama hiyo haitoshi, mdogo wangu Neema alikuwa anaolewa Morogoro.

Mnazijua kamati zetu za harusi. Wameniunga kwenye grupu la WhatsApp, watu wanaahidi elfu hamsini, laki. Mimi nikatuma voice note, sauti nimeikaza kama mbunge: "Ukumbi niachieni mimi."

Makofi yalimiminika. Siku nzima nilitembea kifua mbele kwenye baridi.

Mwezi uliofuata nikapata dola mia mbili themanini. Uliofuata tena, mia tatu na kidogo. Zile elfu nne zenyewe zilishaishia kwenye madeni. Ukumbi unanisubiri, barua inanisubiri, na kwenye grupu shangazi ananiita "Canada wetu".

Hapo ndipo anaingia Dada Marivic.

Ni Mfilipino, jirani yangu ghorofa ya tisa, milango miwili kutoka kwangu. Ana binti mmoja anayesoma. Tangu yuko kwao anafanya kazi za mtandaoni: anajibu barua pepe na kupanga ratiba za wenye biashara ndogo ndogo, fundi wa mapaa huku, daktari wa meno kule. Hana mshahara wa mwezi kama wangu wa ghala. Lakini sijawahi kumsikia akilia njaa, na hilo lilikuwa linanishangaza siku zote.

Tulikutana chumba cha kufulia, Jumamosi asubuhi. Huwa ananiita Kuya, kwao ndiyo kaka.

"Kuya, mbona mashine inazunguka na sabuni umeishika mkononi?"

Ni kweli, nilikuwa sijaiweka. Nikajikuta nimemwaga yote: ghala, barua, ukumbi.

Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu. "Mwezi wako mbaya kuliko yote ulipata ngapi?"

Nikamtajia.

"Basi panga maisha kwa hiyo. Ile kubwa ilikuwa zawadi, usiisubiri tena."

Akanikaribisha kwake. Ukutani ana kalenda ya karatasi, na kila mwanzo wa mwezi anakata siku kwa kalamu nyekundu. Jumapili za kanisa anakata. Siku za binti yake anakata. Anakata hata siku mbili za kuumwa, na haumwi. Kwenye siku zinazobaki anatoa tena masaa ya kutafuta wateja na kurudia kazi, maana hayo hayalipwi na mtu. Yaliyobaki ndiyo anayazidisha kwa bei yake, kisha anatoa kodi na makato.

Namba inayotoka ni ndogo mpaka inachosha kuitazama. Na hilo ndilo lengo lake la mwezi.

Nikamwambia ukweli, "Dada, lengo lako halina hata msisimko."

"Halina," akasema. "Lakini silikosi."

Kwenye kona ya sebule kulikuwa na boksi kubwa, linafika kiunoni. Wafilipino wana desturi ya kutuma maboksi hayo nyumbani: sabuni, nyama za kopo, viatu, chokoleti. Yeye hanunui kitu cha boksi mpaka lengo la mwezi limevukwa. Lile lilikuwa na miezi saba, na lilikuwa bado halijajaa.

"Mama anasubiri kwa hamu?" nikauliza.

"Mama hajui. Namwambia likishafungwa kwa gundi na kuchukuliwa."

Akanieleza sababu. Mwaka wake wa kwanza huku alipata mteja mnono, akampigia mama simu kwamba boksi la Krismasi linakuja. Mama akautangazia mtaa wote. Mteja akapotea, boksi halikwenda, na mama yake alikaa mlangoni wiki mbili akichungulia kila gari.

Alipofika hapo akachukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Wakuu, nilimheshimu Dada Marivic kuliko ninavyoweza kuandika. Mtu kajifunza kwa machozi ya mzazi wake, halafu anakupa somo hilo bure na chai juu.

Nilirudi kwangu nikaifuta ile barua ya kuacha kazi. Nikachukua kalenda, nikakata siku zangu na shifti zote za ghala. Lengo likatoka dola mia mbili na hamsini kwa mwezi. Mimi, niliyekuwa nahesabu elfu nne!

Ikabaki ukumbi. Nilimpigia Neema.

"Mdogo wangu, nisamehe sana. Ukumbi sitauweza."

Nikasikia anacheka taratibu.

"Kaka, ukumbi ulishalipwa na shangazi zamani. Wewe kamati ilikuandika soda. Tulinyamaza tusikuvunje moyo."

Nilikaa chini, wakuu. Kumbe makofi yote yale, hakuna aliyeniamini. Ahadi zangu walikuwa wanazipunguza wenyewe, kama tunavyopunguza bei Kariakoo.

Sikusema neno kwenye grupu. Miezi mitatu nilivuka lengo langu dogo, kile kilichozidi nikakiweka pembeni. Wiki mbili kabla ya harusi nikalipia kreti zote za soda na usafiri wa kuzifikisha ukumbini. Ndipo nikatuma picha ya risiti, bila maneno.

Neema akanijibu kwa voice note huku analia: "Kaka, kamati wanauliza kama ni wewe kweli."

Ni mimi kweli. Ghalani bado nipo, kutafsiri bado natafsiri, na kwenye kona ya chumba changu kuna boksi. La nani na lina nini, hapa siandiki mpaka nilifunge kwa gundi.

Nilichojifunza: lengo la kipato lipime kwa mwezi wako mbovu, na mdomo uufungue mwisho.

Freelancer wenzangu, mwezi wenu mbovu ulikuwaje? Na wewe uliyewahi kuahidi ukumbi ukaandikwa soda, njoo tukae benchi moja hapa chini.