Kabla Sijapiga Kelele

Kila Jumamosi asubuhi ploti yetu hapa Mwiki hujaa harufu ya sabuni ya kufulia, ile ndefu ambayo mwenye duka hukukatia kipande. Wapangaji wote hufua siku hiyo, na kufikia saa nne povu limeshuka ngazi hadi kwenye geti. Wengi huipenda harufu hiyo. Mimi hufunga dirisha. Sijawahi kumweleza mtu sababu, hata mume wangu, lakini wewe nitakueleza.

Nililelewa Ngoliba, pande za chini za Thika kwenye jua na vumbi, na Shosho wangu aliyemzaa mama. Mwaka huo nilikuwa na miaka tisa, na kola ya shati langu la shule ilikuwa imenipatia jina. Watoto waliniita Lami. Si kwamba Shosho alipenda uchafu. Sabuni kwetu ilinunuliwa kipande kimoja kimoja, ikaosha vyombo kwanza, kisha miili, na yunifomu ikabakiwa na maji ya kijivu. Unaweza kucheka, hata mimi siku hizi hucheka kidogo. Lakini wakati huo nililia karibu kila siku nikitoka shule.

Siku moja ya likizo ya Agosti lori lilianguka kwenye kona iliyo chini ya shamba letu. Tulisikia kishindo, kisha kimya, kisha watu wakikimbia. Tulipofika lilikuwa limelala ubavu mtaroni, turubai limepasuka, na katoni za sabuni zimemwagika kila mahali. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Kwetu dereva akiangusha gari huingia mitini kwanza, maswali baadaye, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa.

"Dereva ashahepa," alisema Karanja, kinyozi wetu, katoni ikiwa tayari begani. "Angekuwa ameumia si tungemwona?"

Hilo likatosha. Hata Shosho wangu, ambaye hakunywa maji bila kuyaombea, alinigeukia akasema, "Wambui, kimbia ulete karai. Na ufunge mbuzi."

Watu wazima walikuwa wamejaa upande wa barabara, wakisukumana. Mimi nilizunguka hadi upande wa mtaro, ambako katoni zilikuwa zimelundikana kwenye nyasi na hakukuwa na mtu. Nilipoinama kuchukua mche wa kwanza, nikasikia sauti ya mwanamume ikitoka chini ya lile lundo.

"Mtoto," ilisema. "Niitie watu."

Hakupiga kelele. Aliongea taratibu, kama jirani anayeomba chumvi. Nilisimama pale na karai langu, na niliyowaza nayakumbuka vizuri kuliko mambo mengi ya juzi. Niliwaza kwamba nikisema, wote watakuja upande huu, polisi wataitwa, na watoto tutafukuzwa. Niliwaza kola yangu. Nikajaza karai, nikakimbia nyumbani, nikamwaga sabuni chini ya kitanda, nikarudi.

Mara ya pili alisema neno moja tu. "Umerudi."

Alilisema kwa furaha. Alidhani nimekuja na watu. Nikajaza karai tena.

Mara ya tatu hakusema kitu. Nilingoja aseme. Niliinama nikasikiliza. Karai liliniponyoka. Nilipiga nduru ambayo Shosho anasema hajawahi kusikia nyingine kama hiyo.

Sasa sikiliza waliyofanya watu wale, wezi wale. Karanja alitupa katoni yake na kuruka mtaroni. Wote waliacha walichobeba. Walipanga mstari, wakapitishiana zile katoni mkono kwa mkono, na hakuna aliyeficha hata mche mmoja. Wanawake walilia, wakamwita "baba yetu" mtu ambaye hawakumjua hata jina. Shosho alivua leso yake, wakamfunga nayo mguu uliokuwa umepondeka. Alikuwa hai. Walimbeba mbiombio hadi kwenye pikapu ya muuza maziwa, na Karanja akapanda nyuma, akakishikilia kichwa chake magotini hadi hospitali ya Thika.

Halafu waliobaki wakageuka, wakamalizia sabuni.

Jumapili iliyofuata kanisa zima lilinukia. Mchungaji alihubiri kwa uchungu kwamba moyo wa mtu ni mbaya tangu kuzaliwa, na nakwambia shati lake lilikuwa jeupe kuliko yetu sote. Kisha akaomba mchango wa yule dereva, na watu wakatoa mpaka pesa za unga. Nilikaa pale na kola safi, nikijaribu kuamua tulikuwa watu wa aina gani. Sikuweza. Nilichojua ni kwamba wote walisifu masikio yangu, na mimi peke yangu nilijua jinsi yalivyofanya kazi.

Dereva alikuja kutuona mwezi wa Desemba. Aliitwa Mutuku, mtu wa makamo mwenye sauti ileile ya taratibu. Alikuja na mke wake, mkate na kilo mbili za sukari, akitembea kwa magongo. Mguu wa kulia uliishia kwenye goti. Majirani walijaa uani, na Karanja akanisukuma mbele.

"Ndiye huyu! Bila huyu msichana tungekuacha hapo chini na hatujui!"

Mutuku hakuangalia uso wangu kwanza. Aliangalia miguu yangu. Kisha akainua macho, akanitazama, na nikajua kwamba anajua. Nilitaka ardhi inimeze. Shosho alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani mwangu, amejaa fahari.

"Huyu mtoto," Mutuku aliwaambia watu, "nilimwita mara moja tu. Hata sijamaliza kuita, nikasikia nduru."

Wanawake wakaitikia "Amen". Shosho akajifuta machozi. Mutuku akanivuta karibu, akaweka mkono kichwani kwangu kama mtu anayebariki, na akasema polepole, wengine wasisikie.

"Ndala moja ya bluu, moja ya kijani. Nilikuwa naziona katikati ya katoni. Zikienda, zikirudi." Niliziinamia ndala zangu miguuni. "Usiogope, mami. Kunywa chai."

Hatukuzungumza tena, na sasa ameshafariki. Kama mguu ule ungepona iwapo ningepiga kelele mara ya kwanza, sijui. Huenda madaktari walijua. Sikuthubutu kuuliza nilipokuwa mtoto, na nilipopata ujasiri hakukuwa na wa kuuliza. Nimebeba hilo na nitalibeba.

Kwa miaka mingi niliamini Mutuku alidanganya ili kunifichia aibu mbele ya Shosho. Nilipopata watoto wangu, nikawashika kwenye uongo na ubinafsi wao mdogomdogo, ndipo nilipoanza kuelewa. Angeweza kuniambia mimi ni nani, na angekuwa amesema kweli tupu. Neno lile lingekaa ndani yangu, na nadhani ningekua nikifanana nalo. Yeye aliwasimulia watu habari za mtoto mwingine, mtoto anayeitwa mara moja akaitika, akaniachia nafasi niwe mtoto huyo. Sijui kama mtu huzaliwa mwema au mbaya. Mpaka leo mtu akiita nje, hata kama ni walevi wanagombana tu, natoka kabla hajaita mara ya pili.