Chumba cha Sita

Betri ya pikipiki ina vyumba sita, na Bi Chaji alivijua vyumba hivyo kama mama anavyowajua wanawe: yupi mlafi wa maji, yupi mvivu, yupi huchemka kabla ya wenzake. Jina la Bi Chaji alipewa na waendesha pikipiki. Hakulikubali wala hakulikataa, aliliacha likae tu kama paka wa jirani. Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, madirisha mawili wazi kutwa kwa ajili ya hewa ya asidi, meza imeliwa na matone mpaka ina mabonde. Juu ya mlango aliandika mwenyewe kwa makaa: BETRI HAIFI INALALA. Herufi zilipanda na kushuka, lakini zilisomeka, na wenye kusoma walileta betri zao.

Kazi alifundishwa na mumewe, Fundi, mtu wa maneno machache. Alimfundisha kwa kumshika mkono. Kwanza maji ya moto kwenye vichwa vya betri mpaka ule unga mweupe uyeyuke. Kisha fungua vifuniko sita. Kisha maji ya betri, si ya bomba, mpaka mstari wa juu, usipite. Halafu umeme kidogo kidogo, siku nzima. "Ukiilisha haraka inatapika," alisema Fundi, na hayo kwake yalikuwa hotuba.

Fundi alifariki, huu mwaka wa pili. Pikipiki yake ikabaki ukumbini chini ya shuka la maua, haiuzwi, haiendeshwi.

Sasa binti yao, ambaye mtaa ulimwita Nesi hata kabla hajamaliza chuo, alipangiwa kazi katika zahanati ng'ambo ya vilima. Jumatatu aripoti. Gari la kwenda huko lilipita mara moja kwa wiki. Akipata ile pikipiki ya baba yake, atakwenda asubuhi na kurudi jioni. Asipoipata, atapanga chumba hukohuko, na Bi Chaji abaki akizungumza na kuta.

Ijumaa wakafunua shuka. Nesi akazungusha ufunguo. Kimya. Kiki ya kuwashia kwa mguu ilikuwa imevunjika zamani, kwa hiyo bila betri ile pikipiki ilikuwa kiti tu.

Shemeji, mdogo wake marehemu, mwenye gereji nyumba ya pili, akaja akaegemea mlango na mikono yake ya grisi.

"Shemeji, hiyo betri imekwenda na mwenyewe. Ninayo mpya, niilete?"

"Mpya mpelekee mkeo. Hii ilijazwa na kaka yako kwa mkono wake."

"Kaka yangu alinijaza na mimi tumbo miaka yote. Mbona nina njaa?"

"Njaa yako ndiyo peke yake isiyohitaji chaji."

Nesi alicheka. "Mama, Jumatatu haisubiri."

"Leo Ijumaa. Hiyo Jumatatu nayo lazima ilale mara tatu njiani kabla ya kufika."

Akaichomoa betri, akaibeba kifuani mpaka mezani. Akaosha vichwa. Ilipofika zamu ya vifuniko mkono ukasita, akajifanya anatafuta kitambaa. Alipovifungua aliona alichokiogopa: ndani pakavu, sahani za madini ya risasi zimepauka kama midomo ya mgonjwa. Akajaza maji ya betri, akaunganisha waya, akakaa.

Jumamosi ikapita hivyo. Betri ikipata umeme huanza kuongea, mapovu madogo, sauti kama mvua iliyo mbali ambayo haijaamua kuja. Chumba cha kwanza kikaongea, cha pili, cha tatu, mpaka cha tano. Cha sita kimya. Bi Chaji akainamisha sikio. Akangoja. Jua la alasiri likaingia dirishani na kulala juu ya meza, naye akalala nalo.

Akaona yuko ukumbini, na ukumbi umekuwa mrefu kama barabara, na mwisho wake kuna taa ndogo ya kijani. Ile taa ya pikipiki, inayowaka ufunguo ukizungushwa. Fundi amekaa kwenye pikipiki kampa mgongo, anafuta kioo kwa shati kama alivyozoea. Bi Chaji anamwambia habari za leo: mteja kaleta betri imepasuka, bomba la jirani linavuja. Fundi anaitikia kwa kichwa. Kisha anauliza, bila kugeuka, "Maji umeongeza?"

Akaamka na jibu mdomoni, na jibu lilikuwa hapana.

Akachukua kipimo. Betri nzima hutoa volti kumi na mbili na zaidi. Hii ilitoa kumi na nusu. Jumapili asubuhi akaichaji tena, mchana akapima tena, kumi na nusu ileile, kama mtu aliyeulizwa mara mbili na hataki kubadilisha maneno. Chumba cha sita kilikuwa kimekwenda.

Nesi alikuwa akikunja nguo na kuzitia kwenye begi. Begi kubwa. Bi Chaji aliliangalia.

"Nimeiua mimi," akasema.

"Mama."

"Tangu baba yako azikwe, kila saa kumi na moja, saa yake ya kurudi, nilikuwa nazungusha ufunguo niione ile taa ya kijani. Nampa habari za siku. Mara nyingine nusu saa. Mpaka siku moja haikuwaka. Nikaitia maji? Sikuitia. Nikaichaji? Sikuichaji. Ile kazi ninayowafanyia watu baki, yangu nikaiacha ikauke."

"Kwa nini?"

"Vile vifuniko alivifunga yeye."

Nesi akaacha kukunja. "Nilijua, Mama. Ufunguo una mlio. Niliusikia kila jioni."

"Na hukunikataza?"

"Ulikuwa unazungumza na baba. Ningeingilia vipi?"

Mganga hajigangi, ndivyo ilivyo. Bi Chaji akachungulia dirishani, akaita.

"Shemeji. Ile betri yako mpya ipo, au umeshaila?"

Akaja nayo mbio, na chupa ya asidi, maana betri za namna ile huja kavu. Akataka kuijaza. Bi Chaji akampiga kofi mkononi.

"Michafu hiyo. Hapa najaza mimi."

Akavaa glavu, akajaza chumba kimoja kimoja, polepole, mpaka mstari wa juu, hakupita. Cha sita alikijaza mwisho, akakitazama zaidi ya vingine. Akaacha betri ipumzike, akaipa umeme kidogo mpaka jua likashuka. Ulipofika wakati wa vifuniko alirudi nyuma.

"Funga wewe, Nesi. Na kila mwezi ufungue, uongeze maji. Usiniige."

Shemeji akatazama juu ya mlango. "Na maneno yale tunayafuta?"

"Hapafutwi kitu. Betri moja tu ndiyo iliyonishinda, na ile nilikuwa na kesi nayo."

Jumatatu jioni alikaa ukumbini, shuka la maua limekunjwa juu ya kiti. Ile betri ya zamani ilikuwa chini, inauzuia mlango usijifunge kwa upepo. Akasikia mlio wa pikipiki unapanda mtaa, ukatulia, ukaingia. Nesi akazima injini kwa swichi ya usukani, lakini ufunguo hakuugusa, na ile taa ya kijani ikabaki inawaka katikati yao. Wote wawili wakaitazama.

"Habari za leo?" Nesi akauliza.

Bi Chaji akaanza kusema, akajikatiza.

"Zima kwanza, mwanangu. Unamaliza moto wa betri."