Mbegu ya Chinsaga ya Mama

Kisii mjini yote hakuna kijana wa kunishinda kwa jembe. Bisheni!

Leo mwenye ploti ametupatia mpaka saa sita tuondoe bustani ya mama. Anajenga vyumba vya kupangisha.
Ndiyo bustani ya mwisho nyuma ya soko, jamani.

Nikang'oa migomba, nikang'oa viazi, nikawasha moto wa takataka. Mafundi waliokuja kujenga wakanishangilia.

Mama akaja na kikapu. "Omwana one, mwanangu, ile chinsaga iliyokauka pale kando iko wapi?"

"Ile mboga imezeeka hivyo? Nimeichoma, mama. Ungepika vijiti?"

Mafundi wakacheka. Mama akakaa chini kwenye udongo.

Ilikuwa ya mbegu, aliyoachiwa na mama yake. Na mimi nilijua ya mbegu huachwa ikauke. Nilijua, lakini nilikuwa naringia mafundi.