Risasi Chini ya Mafiga

Ephantus alikuwa mtu wa kuota mchana. Mikono ilichuma kahawa ya mzungu nje ya Thika, lakini yeye mwenyewe alikuwa vitani Burma, nyuma ya rashasha ya jeshi la Keya, akitazama risasi nyekundu zikielea juu ya msitu kama makaa yaliyopeperushwa. Zilikuwa nzuri, jamani, na hilo ndilo lililomponza.

Risasi hizo zilichanganywa na za kawaida. Nyuma ya kila moja hushindiliwa unga unaoshika moto bunduki ikilia, nao huwaka ikiruka, mpigaji aone anakopiga. Adui naye huona inakotoka. Mwalimu wao wa bunduki alisema Waingereza waliitengeneza katika vita vya kwanza vya dunia, walipochoka kufyatulia ndege za adui bila kujua risasi zimepotelea wapi. Akaongeza kwamba mataifa yalikatazana zamani kumpiga mtu risasi ndogo ya moto, ila hii huruhusiwa, kazi yake ni kuonyesha njia tu. Ephantus aliwaona walioonyeshwa njia nayo.

Hata hivyo alirudi nyumbani na moja. Simtetei, ulikuwa upumbavu mtupu. Serikali ya mkoloni ilipotangaza Hali ya Hatari, kupatikana na risasi hata moja kulikuwa kitanzi. Angeitupa mtoni, lakini moyo ulikataa. Mkewe Mumbi alipokwenda sokoni, akaifunga kitambaani na kuifukia, chini kabisa, penye figa la tatu.

Mwaka wa pili ikatolewa amri: wote wahamie kijiji kipya ng'ambo ya mto Chania, siku hiyohiyo, nyumba zichomwe. Ephantus alifika mbio akakuta Mumbi ameshang'oa mafiga. Hangeacha mawe aliyopewa na mama yake, wala moto uliotoka kwa mama yake, usiozimika tangu arusi. Alikuwa ameuzoa na majivu yake katika kigae cha chungu. Shimoni, penye figa la tatu, palibaki kitambaa kitupu.

Ephantus akakitazama kigae. Risasi imezolewa! Iko ndani ya makaa, nayo itamlipukia Mumbi usoni.

"Mama Wainaina, lete nibebe huo moto," akamwambia mkewe.

"Atĩ ubebe moto? Wewe?"

Homgadi, walinzi wa serikali waliowasimamia, wakacheka. "Ngai! Keya amegeuka bibi!"

Ephantus alikibeba kigae mbali na kifua, akitembea kama usingizini, akiiona ile nyekundu ikipanda angani, nzuri kama zamani. Walipofika katikati ya mto, kwenye mawe ya kuvukia, akajifanya kuteleza. Moto ukazama ukitoa mvuke. Mumbi akapiga yowe, na homgadi wote wakamgeukia mumewe, wakimcheka hadi machozi.

Kijijini, Mumbi aliomba moto kwa jirani, akapanga mafiga yake. Ephantus alipiga magoti akiupuliza moto huo wa watu.

"Haikuwa kwenye makaa," Mumbi akasema polepole. "Niliiona risasi yako nilipong'oa mafiga, nikaijua. Si kila siku unaniimbia hiyo Burma yako? Nilikuwa nayo hapa, kifuani. Walipokuwa wakikucheka, nikaiachilia mtoni."

Ephantus akaacha kupuliza.

"Moto wa mama umekwenda, basi," Mumbi akasema, na sasa alikuwa akilia. "Lakini Baba Wainaina, muda wote huo nilikuwa nikikupikia juu ya kitanzi chako, na hukuniambia."