Tawi Bichi Njiani kwa Ajili ya Mbodze

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Rai Chirau anatoka nyumbani kwake Mkongani na panga mkononi. Anakwenda moja kwa moja kwenye mwarobaini ulio nyuma ya zizi la mbuzi, anakata matawi matatu na kuyakung'uta umande.

Tawi la kwanza analilaza kukingamisha njia iendayo barabarani. La pili analiweka kwenye njia ya bwawani, na la tatu kwenye njia ya msituni. Njia ya kurudi mlangoni kwake anaiacha wazi.

Jirani anayesukuma baiskeli ananyanyua tairi juu ya tawi, anamwamkia mzee na kwenda zake. Haulizi kitu. Hapa kila mtu anajua kwamba matawi hayo ni ya Mbodze, mke wa Rai.

"Lazima yawe mabichi," anasema Rai, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja. "Likinyauka Mbodze halitii. Kwake yeye tawi kavu ni la safari iliyokwisha pita."

Kwa karibu miaka ishirini, wawili hawa walikuwa wakiwaongoza wageni kwa miguu kutoka Kinango hadi ufuo wa Mwabungo. Ni mwendo wa siku tatu, kupitia Mkongani, kando ya uzio wa hifadhi ya Shimba, kisha kuteremka hadi baharini.

Njia aliijua Mbodze. Alizaliwa Kinango, na utotoni alifuatana na shangazi yake aliyekuwa akipeleka kuku pwani kwa miguu. Rai hakuijua hata kidogo.

"Mimi ni mtu wa hapa hapa," anasema na kucheka. "Ungenipeleka Kinango ukaniacha huko, ningekaa chini nikalia."

Kazi ilianza kwa mgeni mmoja wa hoteli ya Diani aliyechoka kulala juani, akataka kuonyeshwa nchi ilivyo. Alipoondoka aliwasimulia wenzake, na wenzake wakaja. Majirani walicheka hadi wakashika mbavu. Mtu ana pesa ya gari, halafu alipe ili atembee?

Waliendelea kucheka, na wageni waliendelea kuja.

Mbodze alitangulia na wenye miguu myepesi. Rai alikaa nyuma na wazito, wenye malengelenge na waliosimama kila mara kupiga picha. Wakati mwingine hawakuonana tangu asubuhi mpaka mahali pa kulala.

Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao. Kila njia ilipogawanyika, Mbodze alivunja tawi bichi na kulilaza kwenye njia isiyo yao. Rai akifika hapo nyuma, aliona njia iliyofungwa, akafuata iliyo wazi.

"Simu huko mabondeni ni ya kubahatisha," anaeleza. "Lakini tawi la mke wangu halikupata kunidanganya."

Halikupata, mpaka siku moja ya kiangazi, mwaka juzi.

Siku hiyo Rai alikuwa nyuma na mgeni mmoja tu, Hafsa, mwalimu kutoka Mombasa, aliyekuwa akiumwa na goti. Walipofika kwenye njia panda karibu na uzio, walikuta tawi bichi limelala kwenye njia ya siku zote.

Rai alisimama. Njia ile angeweza kuipita amefumba macho.

"Nilijua kwamba njia ni ile," anasema. "Lakini tawi la Mbodze sikuwahi kulipinga. Nikajiambia, ameona tembo huko mbele, ametufungia. Nikamwambia mwalimu, tupite huku."

Njia waliyoishika ilikuwa ya wachoma makaa, na iliishia kwenye kichaka katika bonde kavu. Maji yaliwaishia. Wanakijiji waliwakuta jioni, Hafsa akiwa amezimia kwa kiu. Alipona, ingawa hakutaka tena kusikia habari za kutembea.

Rai alipofika kambini alimkuta mkewe akisonga ugali bila wasiwasi wowote. Akamwuliza kwa nini amefunga njia.

"Alinitazama," anasema Rai. "Akaniuliza, 'Tawi gani, baba Samuel?'"

Alidhani ni utani. Baada ya hapo chumvi ikawa inatiwa mara mbili, na jina la mjukuu likapotea. Hospitalini walimwambia kwamba ni ugonjwa wa kusahau, kwamba utaendelea, na kwamba dawa ya kuuondoa hakuna. Safari zikakoma. Siku hizi wanaishi kwa mihogo na mbuzi wachache.

Kumekucha. Mbodze anatoka nje akiwa amevaa kanga na viatu vyake vya safari, kamba zimefungwa barabara. Hilo bado hajalisahau.

"Karibu, mgeni," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Umebeba maji ya kutosha?"

Kisha anamgeukia mumewe, ambaye amezaa naye watoto wanne. "Na wewe, bwana, leo usikawie nyuma."

"Sikawii, mama," anajibu Rai.

Amezoea kuwa mgeni kwa mkewe, au anasema amezoea. Anakunywa chai haraka, huku akiangalia kando.

Kinachomnyima Rai usingizi ni jambo moja. Msimu wa mvua uliopita, Mbodze aliokotwa akitembea peke yake kwenye barabara ya magari. Mtoto wao Samuel, mpishi huko Ukunda, alitaka kumchukua siku hiyo hiyo, akae kwake kwenye nyumba yenye ukuta na geti.

Rai alikataa. Akakumbuka utaratibu wao wa zamani, akaanza kulaza matawi, na mkewe akawa anayatii. Anafika kwenye tawi, anasimama, anageuka, anarudi nyumbani.

Samuel alikubali kwa sharti moja. Siku mama yake atakapovuka tawi, atahamia Ukunda bila mabishano.

"Simnyang'anyi baba mke wake," anasema Samuel kwa simu. "Lakini huko kuna tembo, kuna malori. Tawi si ukuta."

Rai anajua kwamba mwanawe hana kosa, na hilo ndilo linalomuuma zaidi. "Mbodze hajapata kufungiwa maisha yake," anasema. "Mtu wa namna ile umtie ndani ya geti? Atakuwa anazunguka tu, kama mbuzi aliyeletwa mnadani."

Saa mbili hivi, Mbodze anachukua fimbo yake. Anashika njia ya barabarani, anafika kwenye tawi, anasimama, anageuka. Rai anatabasamu.

Anashika njia ya msituni. Anafika kwenye tawi. Analiangalia kwa muda mrefu. Kisha ananyanyua mguu mmoja, halafu wa pili, na kuendelea na safari yake.

Rai anaweka kikombe chini. "Amelivuka," anasema.

Mwandishi anainuka kumkimbilia, lakini Rai anamzuia. "Usimshike. Hakujui, utamtisha." Anabeba chupa ya maji na kumfuata mkewe kwa nyuma, kama alivyomfuata miaka yote.

Yeye na mwandishi wanapita shamba la mihogo. Mbodze anapotea kwenye kona, na Rai anaharakisha mwendo. Mbele, njia inagawanyika. Mkono wa kushoto inazunguka na kurudi nyumbani, mkono wa kulia inateremka kuelekea pwani.

Kwenye njia ya kurudi nyumbani kuna tawi bichi, limevunjwa sasa hivi, utomvu haujakauka.

Rai anachutama na kuligusa. Analia bila kujificha, mzee mzima, machozi yakimdondokea kwenye majani.

"Hajui tena mimi ni nani," anasema. "Lakini anajua kuna mtu nyuma."

Wanamkuta mbele kidogo, ameketi kwenye jiwe, anawangoja. "Mmekawia," anasema. "Ni magoti?"

"Ni magoti, mama," anajibu Rai. "Wageni wamechoka. Turudi tukapumzike, tutatoka siku nyingine." Mbodze anakubali mara moja, kwa kuwa hakupata kumlazimisha mgeni aliyechoka.

Nyumbani, Rai anampigia mwanawe simu na kumwambia ukweli. Samuel anasema atakuja Jumamosi na gari.

"Usije na gari," anasema Rai. "Ahadi ni ahadi, nitamleta. Lakini nitamleta kwa miguu, mpaka Mwabungo, kisha hapo kwako. Atatangulia yeye. Mimi nitakuwa nyuma, hatua chache tu."

"Baba, na akifunga njia iliyo sawa?"

Rai anamtazama mkewe, ambaye ameketi mlangoni akikaza kamba za viatu.

"Nitafuata atakayoiacha wazi," anasema. "Tukichelewa, mtungoje."